Kiangazi cha Baridi

Mjomba wangu anatunza nyasi. Hivyo ndivyo tunavyojibu nyumbani tunapoulizwa anafanya kazi gani Marekani, na watu hucheka, kwa sababu hapa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, nyasi hujiotea zenyewe na ng'ombe ndio wanaozikata. Yeye ni kibarua katika uwanja wa gofu jimboni Michigan, alikopelekwa baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Mkataba wake ni wa msimu. Huanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Novemba. Kuanzia Desemba hadi Machi hana mshahara, isipokuwa siku akipata kibarua cha kuzoa theluji mbele ya maduka.

Jambo hilo nusura livunje ukoo wetu. Desemba ya mwaka juzi shangazi mmoja alihitaji pesa za matibabu, naye Mjomba akasema hana. Mwezi Agosti alikuwa ametuma mabati ya nyumba nzima. Ikawa gumzo: amebadilika, Marekani imemfanya mchoyo. Hata Bibi, mama yake mzazi, alinyamaza kila jina lake lilipotajwa. Mimi ndiye ninayesomeshwa naye chuo kikuu, tena ninasoma Kiswahili, kwa hiyo nilipewa kazi ya kumpigia simu na kuwaeleza wazee ukweli wake. Nilimwomba anieleze kazi yake hatua kwa hatua. Akanitumia ujumbe wa sauti jioni baada ya jioni.

Kazi ya kuulaza uwanja, alisema, huanza na mabomba. Chini ya ardhi kuna mtandao wa mabomba ya kumwagilia. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, nayo nguvu hiyo hupasua bomba na vinyunyizio. Basi hukodi kompresa kubwa, wakasukuma hewa ndani, na kufungua vinyunyizio kimoja baada ya kingine mpaka kila kimoja kitoe hewa tupu. Kikisahaulika kimoja, hasara yake huonekana Aprili.

Kisha huja zamu ya nyasi zenyewe. Siku zinapopoa, nyasi hupunguza kurefuka na kuweka akiba ya chakula sehemu za chini. Kwa hiyo visu vya mashine huinuliwa kidogo, hasa kwenye grini, yaani sehemu inayozunguka shimo, ambako wakati wa joto nyasi hukatwa hadi kubaki milimita 3 hivi. Majani ya miti hupeperushwa yasije yakaoza juu yake. Mchanga hunyunyizwa kulinda vikonyo. Hatimaye hupigwa dawa ya ukungu, kwa kuwa kuna ukungu unaostawi chini ya theluji. Dawa hiyo ina wakati wake: ikipigwa mapema mno nguvu yake huisha kabla ya baridi kukaza, na ikichelewa, theluji imeshafunika kila kitu. Asubuhi zenye sakitu hakuna ruhusa ya kukanyaga, maana jani lililoganda huvunjika ndani na alama ya kiatu hubaki imekauka kwa siku kadhaa.

Kilichonishangaza zaidi ni tofauti ya theluji na barafu. Nyumbani vyote viwili tunaviita barafu. Kwa Mjomba, theluji ni rafiki: ni laini, ina hewa ndani yake, na huzifunika nyasi kama blanketi. Barafu ngumu ni adui. Huziba uso wote wa ardhi, na nyasi, ambazo bado zinapumua polepole, hukosa hewa. Zipo aina zinazovumilia kwa muda mrefu zaidi, na zipo zinazokufa mapema. Katikati ya baridi wafanyakazi wachache wanaobaki hunoa visu, hutengeneza mashine, na hukata kipande cha udongo chenye nyasi, wakakiweka ndani penye joto kuona kama kitachipua. Mjomba hakuwa miongoni mwa hao waliobaki.

Nilipokaa mbele ya wazee, neno la kwanza lilinikwamisha. Vitabu vingine huita majira hayo kipupwe. Lakini kipupwe cha pwani ni baridi ya kupendeza baada ya masika, wakati watu wanapovuna. Ningesema kipupwe kimemnyima mjomba mshahara, mwenye kujua pwani angenicheka. "Majira ya baridi" nayo hayakutosha, kwa sababu hapa baridi ni jambo la kuongeza shuka. Nikaacha kutafuta neno, nikasimulia mabomba, dawa, sakitu na barafu, na jinsi hakuna kinachoota kwa miezi minne.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Amelima maisha yake yote. Akasema, "Basi hicho ni kiangazi. Ni kiangazi cha baridi." Akamgeukia shangazi: "Wewe mwezi wa Julai nani anakuomba mahindi mabichi?"

Hakuna aliyeongeza neno. Sikuwahi kufundishwa tafsiri iliyo bora kuliko hiyo, nayo imetoka kwa mtu asiyejua kusoma. Wazee wakakubaliana kwamba mahitaji makubwa yatapelekwa kwa Mjomba kabla ya Oktoba, na matibabu ya shangazi yakachangiwa na ukoo mzima. Tangu hapo karo yangu ya muhula wa Januari hutumwa Oktoba, wakati uleule nyasi nazo zinapoweka akiba.

Machi iliyopita barafu iliua grini mbili. Kwa mwenye uwanja ilikuwa hasara. Kwetu ilikuwa nafuu, kwani Mjomba aliitwa wiki mbili kabla ya msimu ili kusaidia kupanda upya. Na Desemba, mwezi ambao zamani simu zilikuwa za kuomba, Bibi alimpigia kumjulia hali tu. Baada ya salamu alimuuliza, "Mwanangu, huko imeanguka theluji au ni barafu?" Mjomba akajibu kuwa ni theluji. Bibi akashukuru Mungu, akamwambia avae soksi mbili.