Tukuyu kwa Mara ya Kwanza

Basi lilitoka Ubungo alfajiri. Mlima Kitonga tuliupanda taratibu nyuma ya malori ya Tunduma, na tulipoingia Mbeya giza lilikuwa limeshatanda. Asubuhi nikadandia Hiace ya Tukuyu. Sikuwahi kuona kijani cha namna ile: migomba na chai kila upande, na mvua juu ya yote. Mvua hiyo ndiyo iliyonipeleka. Radi zikianza, umeme hukatika, na seva ya shule iliyoniita ilitumia Linux yenye mfumo wa faili wa ext2. Ikizimika ghafla, ikiwashwa hukagua diski nzima huku walimu wakisubiri.

Nilikwenda kuwawekea ext3, kazi ya Stephen Tweedie iliyoingia kwenye keneli ya Linux 2.4.15 mwaka 2001. Ext3 ni kama mwenye duka anayeandika daftarini kabla ya kugusa rafu: umeme ukirudi, hupitia daftari tu, si duka zima.

Mhasibu, mama wa makamo, alinipokea. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, “Mwanangu, nikifuta faili kwa bahati mbaya, utanirudishia? Fundi wa kwanza aliwahi kunirudishia.”

“Hapana, mama. Hapo ndipo penye gharama.”

Nikamweleza. Ext2 ikifuta faili, huacha namba zinazoonyesha yaliyomo yamekaa wapi kwenye diski, na fundi mwenye zana ya debugfs anaweza kuyafuata. Ext3 huzifuta namba zenyewe. Tena, kwa kawaida daftari lake hutunza mpangilio wa faili, si maandishi yaliyomo. Barua ambayo hajaihifadhi umeme ukikatika, imekwenda. Kwangu hii ni bei ya haki, ila fundi asiyeitaja kabla ya kuanza anamdhulumu mteja.

“Basi tuchome nakala kwanza,” akasema. Tukashinda tukichoma hesabu za ada kwenye sidii.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Nikaandika tune2fs -j na jina la sehemu ya diski, nikabadilisha ext2 kuwa ext3 ndani ya faili la fstab, nikawasha upya. Kila faili palepale! Mifumo mingine ya faili, kama XFS ya SGI au JFS ya IBM, ingedai diski ifomatiwe upya, na kwa shule yenye mashine moja, hilo ni jambo zito.

Jioni nikaizima vizuri, nikatia sidii ya zamani ya uokoaji, inayojua ext2 peke yake. Ikaifungua diski bila tatizo. Lakini ingezimika ghafla, daftari likiwa na kazi ambayo haijamalizika, ext2 ingeikataa. Nikaandika karatasi, mama akaibandika ubavuni mwa seva: umeme ukikatika, iwashwe kwa Linux yake yenyewe kwanza, sidii ya uokoaji baadaye.