Majibu ya saa mbili yaliyochukua siku tisa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ndiyo inayonileta leo. Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu programu, simu na mitandao. Leo nataka tuongee kuhusu makohozi. Usifunge ukurasa kwanza!

Kuna mashine inaitwa GeneXpert, inayotengenezwa na kampuni ya Cepheid ya California. Ukiingia katika maabara nyingi za hospitali za umma hapa Kenya utaiona mezani: sanduku lenye milango midogo minne, na pembeni yake kompyuta ya kawaida kabisa. Kazi yake kubwa ni kutafuta kifua kikuu kwa kusoma DNA ya bakteria. Mtaalamu wa maabara anachanganya kohozi na kemikali yake, sehemu mbili za kemikali kwa moja ya kohozi, anatikisa, anasubiri dakika 15, anamimina ndani ya katriji ndogo ya plastiki na kufunga mlango. Basi. Mengine yote yanafanyika humo humo ndani. Bakteria wanachujwa, wanaoshwa, wanapasuliwa kwa mawimbi ya sauti, kisha DNA yao inapashwa joto na kupozwa mara nyingi ili iongezeke. Ni ile PCR ambayo wengi wetu tuliisikia mara ya kwanza wakati wa korona.

Chini ya saa mbili unaambiwa mambo mawili: kama bakteria wapo, na kama jeni lao liitwalo rpoB limebadilika kwa namna inayoonyesha usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu.

Linganisha na tulikotoka. Robert Koch alitangaza bakteria huyu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye kipimo cha mwananchi wa kawaida kilibaki kuwa darubini. Darubini inahitaji bakteria kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya kohozi ndipo iwaone. Katriji mpya iitwayo Ultra, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2017, inatosheka na kama 16. Darubini pia haiwezi kukuambia lolote kuhusu usugu wa dawa. Kwa hilo ilibidi bakteria waoteshwe maabara, na kuotesha huchukua wiki kadhaa.

(Kichekesho kidogo: baada ya barua za kimeta za mwaka 2001 kule Marekani, teknolojia hii hii iliwekwa katika vituo vya posta kukagua barua. Imetoka kwenye bahasha ikaja kwenye vifua vyetu.)

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hiki Desemba 2010, na Kenya ilianza kukitumia mwaka uliofuata. Sababu tunayo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kwa kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu cha mapafu, na wengi wao hawakuwa wamegunduliwa na mtu yeyote.

Sasa nije kwa binamu yangu. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisimtaje jina. Ni makanga wa matatu ya abiria 14. Alikohoa muda mrefu, akapungua, akasingizia vumbi. Mwishowe alienda zahanati ya karibu na nyumbani, akatoa kohozi Jumanne asubuhi. Mwendesha pikipiki anayebeba sampuli huja pale Jumanne na Ijumaa, kwa hivyo kohozi lilifika hospitalini siku hiyo hiyo. Hapo hakuna malalamiko.

Wiki ikapita. Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Hebu twende ukawaulize majibu ya mwenzio yako wapi." Nilijaribu kumweleza kwamba kuandika programu hakunipi mamlaka hospitalini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Tulifika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mama wa maabara, mtu mpole sana, alitafuta jina kwenye kompyuta na akanyamaza kidogo. Majibu yalikuwepo. Mashine ilimaliza kupima Jumatano, saa tano kasorobo asubuhi, siku tisa kabla. Bakteria wamepatikana. Usugu kwa rifampisini umepatikana.

"Kijana wangu," akaniambia, "mashine haina neno. Karatasi ndiyo iliyokwama." Printa ilikuwa imeishiwa wino, kwa hivyo mwendesha pikipiki alipokuja Ijumaa ya kwanza hakukuwa na cha kubeba. Jumanne hakuja kabisa, hakuwa na petroli. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya muuguzi aliyehamishwa kaunti nyingine. Siku zote hizo tisa binamu yangu alikuwa mlangoni mwa matatu, akiita abiria, akikohoa.

Nililitazama lile dirisha la kompyuta kwa muda mrefu. Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kutafuta sehemu iliyo polepole na kuiharakisha. Hapa kuna watu werevu waliochukua kazi ya wiki kadhaa wakaifanya iwe ya dakika zisizofika 120, na bado mgonjwa alingoja siku tisa, kwa sababu habari yake ilikaa ndani ya kompyuta moja, kwenye meza moja, katika chumba kimoja.

Na si hapa kwetu tu. Afrika Kusini ilianza kusambaza mashine hizi kwa wingi mwaka 2011. Utafiti uitwao XTEND, uliochapishwa 2015, ulilinganisha kliniki zilizotumia kipimo hiki na zile za darubini, na haukuonyesha tofauti ya wazi katika idadi ya waliofariki ndani ya miezi sita. Sehemu ya sababu ni kwamba madaktari tayari walikuwa wakianzisha tiba kwa dalili tu. Sehemu nyingine ni wagonjwa waliopotea kati ya kipimo na dawa. Kuna wanaosoma hayo na kusema mashine ni hasara. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ungenunua injini mpya ukaifunga kwenye gari lisilo na magurudumu, usingeilaumu injini.

Magurudumu yenyewe ni mambo ya kawaida sana. Stima, kwa mfano. Ikikatika katikati ya kipimo na betri ya akiba imekufa, kipimo kimepotea na katriji ni ya kutupa. Joto: mashine inataka chumba cha nyuzi 15 hadi 30, sasa waulize watu wa Lodwar au Garissa kama feni inatosha. Kila mwaka inahitaji kukaguliwa vipimo vyake. Katriji iliuzwa kwa dola 9.98 tangu 2012 baada ya wafadhili kulipa ili bei ishuke, na 2023 ikashushwa hadi 7.97 baada ya kelele nyingi za wanaharakati wanaodai dola 5. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi zikagundua kwa ghafla ni nani hasa alikuwa akilipia pikipiki za sampuli.

Kuhusu habari zenyewe, hatukuwa mikono mitupu. Tangu 2012 Kenya ina TIBU, mfumo wa kusajili wagonjwa wa kifua kikuu kwa tableti, ambao umetumika hata kuwatumia wagonjwa wa kifua kikuu sugu pesa kwa M-Pesa. Pengo ninaloliongelea liko kabla ya hapo, kati ya mashine na mtu wa kwanza anayepaswa kujua.

Hiyo ndiyo kazi iliyonishika wiki hizi, katika hospitali nyingine. Tumeandika programu ndogo inayosoma matokeo kutoka kwa kompyuta ya mashine na kutuma ujumbe mfupi kwa zahanati iliyoleta sampuli. Msimbo wenyewe ulichukua siku chache. Kilichotuchosha ni majina. Mtu mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu kwenye rejista tatu. Sasa kila chupa ya sampuli ina namba yake na namba ndiyo inayosafiri. Simu za zahanati tumezifunga kwa kituo, hatuzifungi kwa muuguzi. Ujumbe hautaji ugonjwa, kwa maana simu moja inaweza kushikwa na watu watano. Matokeo ya usugu hayatumwi kwa ujumbe peke yake. Lazima mtu apige simu, na mfumo unaendelea kumsumbua hadi aandike kwamba ameongea na nani.

Jambo ambalo sikulitarajia ni yale matokeo yanayosema "hitilafu". Mashine ikishindwa kusoma, sampuli nyingine inahitajika. Zamani hayo hayakuandikiwa karatasi, kwa kuwa hakukuwa na jibu la kuandika, na mgonjwa alibaki nyumbani akidhani kimya ni habari njema. Sasa zahanati inaambiwa siku hiyo hiyo: mwiteni tena.

Binamu yangu alianza dawa Jumatatu iliyofuata. Shangazi na watoto wawili wa nyumba ile walipimwa pia, na wote hawakuwa nayo. Madereva na makanga wenzake wa steji ile, watatu wamekubali kupimwa. Wengine bado tunawabembeleza.

Mwendesha pikipiki wa hospitali tunayofanyia kazi naye anakuja Jumanne na Ijumaa. Tumeomba aongezewe Jumatano, na barua iko kwa mtu wa petroli.