Mchanga wa Kujazia

Agosti 12, 2020, usiku, vikombe vya mamangu vilianza kugongana kabatini. Yeye alidhani ni lori. Kumbe ni tetemeko, karibu kipimo cha 6, lililoanzia baharini upande wa Tanzania, na sisi Mombasa tukalisikia. Sekunde chache tu. Mama akarudi kwa chapati zake. Mimi nikabaki nimeshika meza, nikiwaza mjengo mmoja ukingoni mwa maji nilikofanya kazi nikiwa nimetoka tu chuo.

Pale tulimwaga mchanga juu ya tope, tingatinga likasawazisha, basi. Nilipouliza tutapima lini kama umeshikana huko chini, bosi alicheka. "Injinia, hii ni Kenya. Matetemeko waachie Wajapani." Nikanyamaza. Nilihitaji ule mshahara, sitadanganya.

Na habari za hao Wajapani nilikuwa nimezisoma. Sehemu kubwa ya mji wa Urayasu, kando ya Tokyo, ni bahari iliyojazwa mchanga. Machi 11, 2011 tetemeko la kipimo cha 9 lilipiga mbali kaskazini, na bado Urayasu ilitapika maji na matope. Mchanga uliolegea na kulowa ukitikiswa, chembe zake hutaka kubanana. Maji yaliyo katikati hayana pa kukimbilia, yanazisukuma ziachane, na ardhi inakuwa uji. Nguzo za stima ziliinama. Mashimo ya majitaka yalichomoza juu ya barabara.

Disneyland ya Tokyo iko papo hapo Urayasu. Maegesho yake ya magari yalijaa matope. Ndani, penye michezo na majumba, ardhi ilisimama. Kabla ya kujenga, walizamisha mabomba, wakashindilia mchanga kwa nguvu, nguzo baada ya nguzo, hadi ardhi ikakaza. Ni kazi ambayo mwenye tiketi hataiona kamwe.

Mjengo wetu uliisha, una vioo kila upande. Jumba lenyewe limekaa juu ya nguzo ndefu, hizo nilizihesabu mwenyewe. Lakini mabomba ya maji, ukuta wa bahari na barabara ya kuingilia vimelala juu ya ule mchanga. Dadangu ana flati huko, ghorofa ya tatu. Alinunua kwa sababu, alisema, "hata wewe ulikuwa pale."

Usiku ule nilimpigia. Nikaanza kwa kumuuliza kama watoto wameshtuka.