Haki ya Mwenye Kula

Mtu anunuapo chakula hununua na imani pamoja nacho. Hakuliona shamba, hakuliona ghala, wala hakuwapo kinuni unga uliposagwa. Aliuona mfuko uliofungwa vizuri, akaamini. Swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji wangu, ni hili: imani hiyo ikivunjwa, mtu akaugua kwa chakula alichokinunua kwa fedha yake, sheria yampa nini?

Swali hili si la nchi za mbali. Hapa Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, mahindi ndiyo chakula chetu: leo githeri, kesho ugali. Mwaka 2004 sumu iitwayo aflatoksini, itokanayo na kuvu iotayo juu ya nafaka yenye unyevu, iliwashika watu 317 katika Ukambani na sehemu za jirani, na wilaya ya Thika, kama ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa mojawapo. Watu 125 walikufa. Sumu hiyo hudhuru ini; mgonjwa hutapika, tumbo humuuma na macho yake hugeuka manjano. Haionekani kwa jicho, wala moto wa jikoni hauiondoi.

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya liliamuru aina tano za unga wa mahindi ziondolewe madukani, kwa kuwa sumu hiyo ilizidi kiwango kilichoruhusiwa, yaani sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Siku zile mama mmoja, jirani yangu, alinijia na nusu ya mfuko mkononi. Akaniuliza, "Mwalimu, unga huu niutupe, au niwape kuku?" Nikamjibu kuwa kuku naye ataliwa, na ng'ombe akilishwa unga kama huo sumu humrudia mtu katika maziwa. Lakini jibu hilo lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni hii: tangazo la kurudisha bidhaa humlinda yule ambaye hajala; aliyekwisha kula na kuugua halimpi kitu.

Yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni adhabu. Serikali yaweza kumshtaki mwenye kuuza chakula kibovu, na akitozwa faini, fedha hiyo huingia katika hazina ya Serikali. La pili ni fidia, nayo hudaiwa na aliyeumia mwenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kuwa mtumiaji anayo haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kulindwa afya yake, na kulipwa fidia kwa hasara au madhara yaletwayo na kasoro za bidhaa hizo. Mnunuzi aweza pia kumdai mwenye duka kwa mapatano ya mauzo, maana auzaye chakula huahidi, hata asipotamka neno, kuwa chafaa kuliwa.

Je, na mtoto aliyekula ugali ambao hakuununua yeye? Jibu lilipatikana Uingereza mwaka 1932. Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito isiyopenya nuru. Alipokwisha kunywa kiasi, masalio yalimiminwa, na pamoja nayo, alivyodai, akatoka konokono aliyeoza. Yeye hakununua, basi hakuwa na mapatano na mtu yeyote. Hata hivyo majaji watatu kati ya watano waliamua kuwa mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia yule atakayekitumia kitu chake, kama mtu apaswavyo kujihadhari asimdhuru jirani. Kanuni hiyo mahakama za Kenya nazo huifuata.

Lakini haki haijisemei yenyewe. Wazee walinena, mali bila daftari huisha bila habari. Na haki bila ushahidi huisha vivyo hivyo. Uguapo kwa chakula, nenda hospitali upesi, ukaombe maandishi ya daktari yenye tarehe. Hifadhi mfuko na masalio yake mbali na watoto na mifugo, na namba iliyopigwa juu ya mfuko isifutike. Tunza stakabadhi ya duka. Mpashe habari afisa wa afya ili achukue sampuli. Wala usikawie, kwa kuwa dai la uzembe lina miaka 3 tu. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Nisikufiche kuwa sheria ina mipaka yake. Alaye sumu kidogo kidogo miaka ishirini akapata saratani ya ini, atamtaja nani kati ya wote waliomuuzia? Na mwaka 2004 mahindi mengi yenye sumu yalitoka mashambani mwa wagonjwa wenyewe, yakawekwa kabla ya kukauka. Hapo hapana mdaiwa. Kwa hiyo turubai la kuanikia mahindi na ghala lenye hewa hulinda kuliko hukumu yoyote.

Hata hivyo usidharau haki hii kwa kuwa ina mipaka. Msagaji ajuaye kuwa mlaji huweka stakabadhi, hulipima gunia kabla ya kulisaga. Aombaye fidia hajitendei yeye peke yake. Humlinda na jirani ambaye kesho atanunua mfuko kama ule ule.