Mashine ya Kufulia Isile Mahari Yako

Mabibi harusi ninaowashonea huniuliza: mashine ya mdomo juu, ya jina kubwa, inastahiki bei yake? Yangu hufua mapazia na mashuka ya wateja kila wiki, na jibu langu ni hili: soma dhamana kwanza. Stika ya miaka 10 mara nyingi ni ya mota peke yake. Bodi ya umeme na pampu huwa na muda mfupi zaidi, na kwetu umeme ukirudi kwa kishindo, bodi ndiyo huungua mwanzo. Muulize muuzaji: spea zipo Unguja? Fundi je? Kama hakuna, chukua ya bei ya kati na stabilaiza. Jina halifui nguo, na israfu haina baraka.