Barua kutoka Ujerumani: Mfuko wa Manjano



Katika sehemu nyingi za nchi hii kila nyumba huwa na mfuko mwangavu wa rangi ya manjano, ambamo hutiwa chupa za sabuni, vikopo vya mtindi na nailoni zilizofungiwa vyakula, na siku yake ikifika gari hupita likaubeba. Na mgeni aliyezoea kuviona vitu hivyo vikichomwa uani hudhani kwamba, maadamu vimekusanywa, kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Plastiki ni jina moja la jamii nyingi zisizopatana: ile ya chupa za maji huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 260 za selisiasi, ilhali ile ya mifuko huyeyuka hata kabla ya nyuzi 140, na zikiyeyushwa pamoja hazishikamani barabara, bali hutoka kitu dhaifu. Kwa hiyo kiwandani taka humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, ambao kila aina huurudisha kwa namna yake, na mivumo ya hewa ikazitenga. Kisha husagwa, zikaoshwa na kutiwa majini, ambako plastiki za polietilini (ile ya mifuko) na polipropilini huelea na ile ya chupa za maji ikazama. Vyombo vyeusi aghalabu huiponyoka mashine, kwani masizi yaliyotiwa rangini huumeza mwanga huo; hasara tupu, na sababu yake ni pambo! Zile zisizotengeka baadhi hufanywa vitu vinene, kama mabenchi ya bustani na nguzo za ua, na nyingi huishia motoni.

Maarifa hayo kwetu Afrika Mashariki si mageni. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini huko Lamu, Kenya, jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja.

Tofauti ya huku na kwetu, kwa rai yangu, ni mlipaji. Tangu mwaka 1991 sharia ya hapa Ujerumani humbebesha mtengenezaji na mwuzaji gharama ya kukusanya vifungashio vyao. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Ni jambo la busara, lakini marufuku hayamlipi mwokota chupa. Wakenya mnayo sharia ya mwaka 2022 inayomtwika mtengenezaji dhima hiyo: waulizeni wabunge wenu imefika wapi.