Mlima Tehachapi Ndani ya Nyumba

Aingiaye bustani ya Balboa mjini San Diego, Marekani, huvutwa kwanza na majumba ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915. Mwenye watoto na asikawie sana huko juu. Na ateremke chini ya jengo la Casa de Balboa, ambamo tangu 1982 pana makumbusho ya treni ndogo za mfano, na humo aulizie mlima Tehachapi.

Mlima wenyewe uko kaskazini zaidi katika jimbo la California, kati ya Bakersfield na Mojave. Reli yake ilivuka mwaka 1876 kwa jasho la vibarua ambao wengi wao walikuwa Wachina. Mwinuko ulipozidi nguvu za garimoshi, wahandisi waliizungusha njia hata ikapita juu yake yenyewe; treni ikiwa ndefu, kichwa huwa juu ya handaki ilhali mkia ungali chini yake. Waliosafiri kwa reli yetu ya zamani kwenda bara wataukumbuka mzunguko wa namna hiyo pale Mazeras. Kule Tehachapi tofauti ya kimo ni mita 23 hivi. Wanachama wa klabu ya La Mesa wameujenga mlima huo kwa kipimo cha sehemu moja kwa 87, hivyo kimo hicho huwa kama shibiri moja na ushei.

Kutazama treni zikizunguka ni burudani ya mtoto. Kuziendesha kwa utaratibu wa kazi ni jambo jingine kabisa. Watu hugawana vyeo: huyu dereva, yule kondakta, mwingine karani wa stesheni, na mmoja, msimamizi wa mwendo, hukaa mahali asipoiona treni hata moja. Ana karatasi na simu tu. Saa ya ukutani hukimbizwa ili siku nzima itoshee katika saa chache. Njia ni moja, treni zinatoka pande mbili. Ratiba ndiyo isemayo ipi ina haki ya njia na ipi iingie pembeni kusubiri, tena iwe imeingia dakika kadhaa kabla ya mwenziwe kufika.

Treni ya heshima ikichelewa, msimamizi hutamka amri kwa simu. Karani huiandika katika karatasi nyepesi, nakala zaidi ya moja, kisha humsomea tena neno kwa neno. Isiposomwa ikathibitishwa, haina nguvu. Katika reli za kweli makosa ya jina moja la stesheni yaliua watu, na kazi hiyo ya ukarani na simu za maandishi, nadhani wasomaji wa kike watapenda kujua, ilifanywa na wanawake wengi wa Marekani tangu karne ya 19.

Hapa hakuna afaye, lakini uso wa dereva aliyesimama njia ya pembeni, karatasi mkononi, akiitazama saa, hauna mzaha hata kidogo. Hawezi kuuliza kwa sauti mwenziwe yuko wapi. Sheria haimruhusu kuondoka kwa kukisia. Hungoja. Baadaye taa ndogo huchomoza katika tundu la mlima, treni ya mizigo hupita ikinguruma polepole, naye huyahesabu mabehewa hadi la mwisho kabla ya kugusa usukani wake.